Chakula cha Haraka Chenye Baraka

Wahenga wetu walisema: haraka haraka haina baraka. Usemi huu tumewalea watoto wetu nao, na tunauamini. Lakini kila usemi una mahali pake. Mwenye kuiharakisha sala yake hata rukuu isitulie, huyo haraka yake haina baraka. Ama mwenye kuiharakisha kazi ya jikoni ili aiwahi sala yake, huyo ana haraka ya namna nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo na wasomaji wetu, mabibi wa nyumbani na waume zao na vijana wao. Tutazungumza juu ya vitafunio vya jibini vinavyookwa kwa unga uliokwisha kukandwa na kusukumwa, ule unaouzwa madukani ukiwa umegandishwa kwa baridi.

Huenda msomaji akastaajabu kumwona mwalimu wa chuoni akiuacha ubao wake akaingia jikoni. Asistaajabu. Jambo hili lilituingilia nyumbani mwetu, likatufundisha tuliyokuwa hatuyajui, wala si vyema mtu afundishwe kisha anyamaze.

Ilivyotokea Nyumbani Kwetu

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, miaka michache iliyopita. Nyumbani kwetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mwambao, futari haikamiliki bila ya sambusa. Na sambusa, azijuaye anaijua taabu yake. Unga ukandwe, ufanywe madonge, usukumwe. Duara moja lipakwe mafuta na kunyunyizwa unga, liwekwe juu ya jingine, yasukumwe tena pamoja. Yapitishwe juu ya chuma cha moto, yabanduliwe moja moja yangali moto. Yakatwe, yajazwe nyama, yafungwe kwa uji wa unga, kisha yakaangwe. Mama wa watoto wetu alikuwa akiingia jikoni baada ya adhuhuri, hatoki mpaka karibu na adhana ya magharibi. Baada ya kufuturu hurudi kuosha vyombo na kutengeneza daku.

Nasi wakati huo tulikuwa msikitini. Kila baada ya alasiri tulisomesha darsa, na maneno yetu ya mwezi ule yalikuwa juu ya fadhila za kusoma Kurani katika Ramadhani. Msomaji mwepesi wa fahamu amekwisha kuona aibu yetu ilipo. Sisi hatukuiona.

Siku moja binti yetu, aliyekuwa amemaliza masomo yake ya sekondari, alirudi kutoka mjini na pakiti mbili za unga wa tabaka tabaka na kipande cha jibini. Akasema: "Baba, leo mama apumzike. Nitaoka vitafunio mimi, haitapita nusu saa."

Tukamkemea. Tukamwambia kwamba hicho ni chakula cha wavivu, na kwamba mwanamke asiyekanda unga kwa mkono wake nyumba yake haina msingi. Tukaichukua ile pakiti tukaigeuza, kwa kutaka kumwonyesha bei yake tu. Ndipo macho yetu yakaangukia juu ya maandishi madogo: mafuta ya mnyama. Mnyama gani? Halikuandikwa. Tukasema: "Umeona? Chakula hiki hata hatujui kina mafuta ya nini."

Binti akainama, hakujibu. Aliyejibu ni mama yake, naye hana desturi ya kutujibu mbele ya watoto. Alisema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, la mafuta una haki. Lakini la uvivu sikubali. Juzuu ya kwanza niliianza mwezi mosi, na leo ni mwezi 14, bado nimo ndani yake."

Hatukuwa na jibu. Ile pakiti haikupikwa, maana shaka yake ilikuwa shaka ya kweli. Lakini tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma, tukafuatana na binti yetu madukani, tukazitazama pakiti moja baada ya moja. Tukatambua kwamba katika ugomvi ule mdogo kila mmoja wetu alikuwa na sehemu ya haki, na aliyekuwa na sehemu ndogo kuliko wote ni sisi.

Unga wa Kununua Si Jambo Geni

Kwanza tulitaka kujua: je, kununua unga uliokwisha kusukumwa ni desturi ngeni kwa Waislamu? Tukaona sivyo. Hata hiyo sambusa tunayoitetea si mzaliwa wa mwambao. Ni msafiri aliyefika akakaa akawa mwenyeji. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi imo sambusa, kwa jina la sanbusaj. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikwenda Bara Hindi, akaikuta Delhi katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, imejazwa nyama na lozi na viungo.

Waturuki wana andazi lao liitwalo börek. Hutengenezwa kwa chapati nyembamba mno ziitwazo yufka, hujazwa jibini au mchicha au nyama, na aina zake nyingi huokwa. Mabibi wengi wa huko hawazisukumi chapati hizo wenyewe. Hununua kwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wamisri nao hununua karatasi za unga waziitazo jullash, wakazipanga katika sinia, wakatia jibini katikati, wakaoka. Na sisi tuna manda za sambusa. Ni nyumba ngapi za mwambao ambazo kila Ramadhani huagiza manda kwa jirani ajuaye kuzitengeneza, na jirani yule akapata riziki yake kwa njia hiyo? Hatujapata kumwita mtu mvivu kwa kununua manda.

Basi kununua unga tayari ni desturi ya zamani. Kitu kimoja tu kimegeuka. Jirani yetu wa manda tulimjua; tulijua unga wake na mafuta yake, na jiko lake tuliliona kwa macho. Lakini kiwanda hakina uso. Pale ambapo zamani tulimjua mtu, leo yatupasa tusome maandishi. Mwenye kununua bila kusoma ameacha wajibu wake, na mwenye kukataa bila kusoma, kama tulivyofanya sisi kabla ya kuigeuza ile pakiti, naye pia ameacha wajibu wake.

Mambo Mawili ya Kutazama

La kwanza ni mafuta ya ule unga. Unga wa tabaka tabaka hutengenezwa kwa kukunja unga na mafuta mara nyingi, mpaka zikapatikana tabaka nyingi nyembamba. Mafuta hayo huweza kuwa siagi, au mafuta ya mimea kama mawese, na hayo hayana tatizo. Lakini katika baadhi ya nchi za Ulaya na Marekani hutumika pia mafuta ya nguruwe, nayo ni haramu bila ya khitilafu. Panapoandikwa "mafuta ya mnyama" bila ya kutajwa mnyama, acha. Unga mwingine upo. Tena kuna kitu kinachoandikwa kwa alama ya E471, kinachosaidia maji na mafuta yachanganyike. Hicho huweza kutoka katika mimea na huweza kutoka katika wanyama. Pakiti yenye alama ya halali kutoka kwa watu wanaoaminika, au iliyoandikwa kwamba kila kilichomo ni cha mimea, humwondolea mtu mashaka yote mawili.

La pili ni jibini. Maziwa hayawi jibini mpaka yagande, na tangu zamani watu waliyagandisha kwa kitu kinachopatikana katika tumbo la ndama au mwanambuzi anyonyaye. Kigandishio hicho kikitoka kwa mnyama aliyechinjwa kisharia naye hajala kitu ila maziwa, wanachuoni wetu wa Kishafii wamesema ni tohara. Kikitoka kwa mzoga, kwao wao ni najisi, hali Imam Abu Hanifa ameona kuwa ni tohara. Ama kilichotoka kwa nguruwe, hapo hapana maneno.

Tusije tukadhani kwamba jibini ni kitu cha kukimbiwa. Abu Dawud amepokea kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, akataka kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Na elimu ya leo imeturahisishia. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliruhusu kigandishio kinachotengenezwa kwa vijidudu bila ya kuchinja ndama, na tangu hapo viwanda vingi vimefuata njia hiyo. Vingine hutumia kigandishio cha ukungu. Kwa hiyo jibini nyingi za madukani zimeandikwa kwamba zinawafaa wasiokula nyama, na hiyo ni dalili ya kwamba kigandishio chake hakikutoka tumboni mwa mnyama. Ikiwa shaka imebaki, muulize sheikh wa mtaa wako. Na kwa asiyetaka shaka kabisa, au ambaye bei ya jibini imemshinda, tutamwonyesha hapa chini namna ya kuifanya mwenyewe.

Jibini ya Nyumbani

Chukua maziwa lita 2 uyachemshe. Yakianza kupanda, punguza moto, utie maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja cha kulia huku ukikoroga taratibu. Vijiko 4 hivi vyatosha. Utaona maziwa yakikatika, maji ya rangi ya kijani kibichi yakijitenga. Epua, uchuje kwa kitambaa safi, uoshe kidogo kwa maji baridi ili ukali wa ndimu uondoke, ukamue, kisha ukandamize kwa kitu kizito muda wa saa moja. Utapata kiasi cha gramu 300 za jibini nyeupe. Jibini hii haiyeyuki kama zile za dukani, lakini ukiivuruga kwa mkono ukatia chumvi, pilipili manga na kotmiri, haina ubaya wowote. Na kigandishio chake ni ndimu.

Vibahasha vya Jibini na Mchicha

Vitu vinavyotakiwa: unga wa tabaka tabaka gramu 400, jibini iliyoparuzwa gramu 150, mchicha fungu 1, yai 1, pilipili manga kidogo, na habasoda au ufuta.

Usiku utoe unga katika friza uuweke katika friji, ili uyeyuke polepole. Mchicha uoshe, uukatekate, uupitishe motoni bila ya maji mpaka unywee, kisha uukamue sana kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mchicha wenye maji huloanisha unga ukawa kama uji chini. Changanya mchicha uliopoa na jibini na pilipili manga. Chumvi usitie kabla ya kuonja, maana jibini ina chumvi yake.

Washa oveni kwanza, ifike joto la nyuzi 200 za Selsiasi, ndipo uanze kukata. Usitangulize unga katika oveni baridi. Kinachouinua unga huu ni maji yaliyomo ndani yake: yakipata moto mkali hugeuka mvuke, mvuke ukazisukuma tabaka juu. Oveni ikiwa baridi, mafuta huyeyuka yakatiririka kabla ya mvuke kupatikana, nawe utapata kitu kizito kilicholala.

Tandaza unga, uukate vipande 16 vya mraba, kila upande kiasi cha sentimita 8. Weka kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko katikati, kisilundikane. Paka maji pembeni kwa kidole, kunja kwa pembe tatu, ubane kingo kwa uma, kisha utoboe juu mara moja kwa ncha ya kisu ili mvuke upate njia. Piga yai, upake juu, unyunyize habasoda. Oka dakika 15 hadi 18, mpaka rangi iwe ya dhahabu. Acha vipoe kidogo kabla ya kuwapa watoto, maana jibini ya moto huchoma ulimi kuliko nyama.

Vidole vya Manda

Asiyepata unga wa tabaka tabaka atumie manda za jirani. Manda 20, jibini nyeupe gramu 200, kotmiri iliyokatwa na yai 1 ndani ya jibini. Manda zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu zikipigwa na upepo hukauka zikavunjika. Weka jibini kidogo kwenye ncha, kunja pande mbili ndani, uviringe kama kidole, ubandike mwisho wake kwa uji wa unga. Panga katika sinia, paka mafuta kidogo juu, uoke kwa nyuzi 190 dakika 12 hadi 15. Mafuta yatakayotumika ni vijiko viwili vitatu, wala si karai zima.

Na asiye na oveni asihuzunike. Bibi zetu waliokoa mikate kwa makaa juu na chini, na njia ile haijafa. Sufuria nzito iwekwe juu ya makaa machache, ipate moto kwanza, vitafunio vipangwe ndani, ifunikwe kwa bati, makaa mengi yapaliwe juu yake. Tazama baada ya dakika 15. Huenda ikahitaji dakika 10 zaidi.

Mwenye friza aweza kuvifunga vitafunio hivi katika siku za mwisho za Shaabani, akaviweka vibichi. Siku ya kutaka, huvitia katika oveni vikiwa vimeganda vivyo hivyo, akaongeza dakika 5. 

Tunaongeza neno la kiasi. Jibini na unga huu vyote vina mafuta na chumvi, na tumbo lililofunga kutwa halitaki kushtuliwa. Tende na maji vitangulie kama tulivyofundishwa, kisha vipande viwili vyatosha. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa, akatukataza israfu.

Saa Zilizopatikana Ziende Wapi?

Hili ndilo swali kubwa, wasomaji wetu. Sambusa zilichukua alasiri nzima. Vitafunio hivi havichukui saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo oveni yafanya kazi peke yake. Basi saa mbili au tatu zimebaki. Ikiwa zitakwenda katika kuangalia simu na tamthilia, basi tutakuwa tumenunua unga kwa bei ghali ili tupate kuupoteza wakati, na wahenga watakuwa wamesema kweli juu yetu. Baraka haiko katika unga wa mkono wala katika unga wa kiwanda. Iko katika lile analolifanya mtu na muda aliopewa.

Nyumbani kwetu tulipatana hivi. Pakiti husomwa kwanza, na anayeisoma ni kijana mmojawapo, ili ajifunze kuuliza juu ya tonge kabla halijafika kinywani. Sambusa hazikuachwa, hupikwa siku ya Ijumaa, na binti zetu na wana wetu wote hukaa pamoja na mama yao wakajifunza kusukuma manda, ili ujuzi wa bibi zao usipotee. Siku nyingine ni vibahasha au vidole. Sahani moja hutoka kwenda kwa jirani kabla ya adhana, maana mwenye kumfuturisha aliyefunga ana mfano wa ujira wake, na chakula kilichopikwa upesi hakina ujira mdogo kuliko kilichopikwa kwa taabu.

Na sisi, baada ya darsa, huparuza jibini. Tunalisema hili bila ya haya. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ikifika sala hutoka kwenda kusali. Habari hiyo imo katika Bukhari, nasi tumeisomesha miaka mingi. Kuisomesha ni rahisi kuliko kuishika paruzo. Siku ya kwanza tuliparuza kidole pamoja na jibini, watoto wakacheka, nasi tukacheka nao.

Mwaka uliofuata, mama wa watoto wetu alikhitimu Kurani usiku wa mwezi 25. Sisi tulikhitimu usiku wa 27. Alipotuambia hakusema kwa kujisifu. Alitandika busati, akaweka sahani ya vibahasha vyenye habasoda juu, akatutaka tumsomee dua ya khitima. Tukaisoma, na binti yetu, yule tuliyemwita mvivu, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki za halali, azitie baraka saa zetu, na atufanye ni wenye kuanza kujifunza nyumbani mwetu kabla ya kuwafundisha watu. Amin.